Vibrafoni peke yako: mwongozo kamili wa mazoezi na upigaji wa jazi bila bendi

Mpiga vibrafoni anayesimama jukwaani peke yake hana mpiga besi wa kumshikia chini, hana ngoma za kumtunzia mapigo, wala piano ya kujaza nafasi. Ana vibao 37 vya alumini, vijiti vinne na pedali moja. Wengi wanaoanza hudhani ugumu uko kwenye vijiti vinne. Mimi naona vijiti mkono huvizoea. Ugumu wenyewe ni kunyamazisha: kibao cha alumini kikipigwa huku pedali imekanyagwa kinalia kwa sekunde nyingi, na kila noti usiyoizima inabaki hapo ikigombana na zinazoifuata. Mpigaji wa peke yake anatambulika kwa noti anazozizima na wakati anaozizimia. Ndiyo maana hapa tutaanza na pedali na uzimaji kabla ya kodi nzito (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), kinyume na wanavyoanza wengi.

Kukijua chombo

Vibrafoni ya kawaida ina oktavi tatu, kuanzia F iliyo chini ya C ya kati. Nitaiita F hiyo F3, na C ya kati, ile ya katikati ya piano, C4. F ya juu kabisa ni F6. Vibao vimening'inizwa kwenye uzi, na chini ya kila kimoja kuna mrija unaokuza sauti. Juu ya mirija kuna visahani vinavyozungushwa na mota, na vikizunguka sauti huyumba. Pedali inashusha ubao wenye feliti, kitambaa kinene laini: ukiikanyaga feliti inaachana na vibao navyo vinalia, ukiiachia inavigusa na sauti inakatika. Kampuni ya J. C. Deagan ya Chicago ndiyo iliyotoa mwaka 1927 chombo chenye vibao vya alumini na pedali ya namna hii, na mwaka 1930 Lionel Hampton alikipiga kwenye rekodi akiwa na mpiga tarumbeta Louis Armstrong. Toka hapo kikawa chombo cha jazi.

Kwa anayepiga peke yake, jambo kubwa ni kwamba chini ya F3 hakuna kitu. Huna besi ya kweli. Ukichagua wimbo ulio kwenye ufunguo wa E♭ (E iliyoshushwa nusu hatua), noti yake ya msingi ya chini inakuwa E♭4, katikati kabisa ya eneo la melodi, na mikono itagongana. F, G na B♭ ni funguo nzuri za kuanzia kwa sababu misingi yake iko chini kabisa. Usione haya kuhamisha wimbo. Waimbaji huhamisha kila siku kwa ajili ya koo zao, na wewe una koo la chuma lisilobadilika.

Mota izime kipindi chote cha mazoezi. Sauti inayoyumba inaficha uchafu wa pedali, na uchafu ndio unaotaka kuusikia. Jukwaani ni hiari yako. Mpiga vibrafoni Milt Jackson aliizungusha polepole na sauti yake ikawa kama ya mwimbaji. Mwenzake Gary Burton aliiacha imezimwa. Kwa kazi ya peke yako, yenye noti nyingi zinazolia pamoja, naegemea upande wa Burton.

Maandalizi: kimo, pedali, vijiti

Panga kimo ili ukishusha mabega na kukunja viwiko, mikono ya mbele iwe karibu kulala sambamba na sakafu juu ya vibao. Kisigino cha mguu wa pedali kikae sakafuni, ukanyage kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Uzito wa mwili uwe kwenye mguu mwingine. Viatu vya soli nene vinakunyima hisia ya feliti, na bila hisia hiyo nusu pedali haiwezekani.

Kisha kagua pedali. Ikanyage taratibu mno huku ukigonga vibao vya kulia na vya kushoto. Pande zote zinapaswa kuanza kulia kwa pamoja. Kama upande mmoja unaachiwa mapema, ubao wa feliti umekaa mshazari na lazima urekebishwe kabla hujafanya chochote kingine, la sivyo utajifunza kufidia ubovu wa chombo.

Vijiti viwe vyenye vichwa vilivyozungushiwa uzi na mipini ya henzerani, ugumu wa kati. Laini sana vinapendeza chini lakini juu havisikiki. Vigumu sana vinatoa mlio wa kugonga kabla ya noti. Baadhi ya wapigaji huweka vijiti laini kidogo mkono wa kushoto ili melodi ya kulia isimame mbele. Gonga katikati ya kibao, juu ya mrija, au ukingoni kabisa. Pale uzi unapopita kibao hakitoi sauti, ni mlio mkavu tu. Kwa vibao vya safu ya nyuma, ule ukingo ulio karibu nawe mara nyingi ndio njia fupi.

Kushika vijiti vinne

Tunavihesabu 1 hadi 4 kutoka kushoto. Mshiko ambao wapiga vibrafoni wengi wa jazi wanautumia unaitwa kwa jina la Burton. Vijiti viwili vinapishana kiganjani. Cha ndani kinapita kati ya kidole gumba na cha shahada, cha nje kati ya cha shahada na cha kati, na ncha za nyuma zinabanwa na vidole viwili vya mwisho. Upana unabadilishwa na kidole gumba na cha shahada, mabega yakiwa yametulia.

Kabla ya kugonga, fungua na funga tu: upana wa noti tatu, tano, saba, oktavi (noti nane), kisha rudi. Fanya hivyo hata mbele ya televisheni. Asiye na chombo karibu, na katika Afrika Mashariki hao ndio wengi, anaweza kufanya mazoezi ya mshiko juu ya meza iliyotandikwa taulo, na kujifunza kodi kwenye kinanda chochote chenye pedali. Uzimaji pekee ndio hauna mbadala. Huo unataka chuma.

Melodi za noti mojamoja wengi wanaoutumia mshiko huu huzipiga kwa kijiti 2 na 4, wengine 2 na 3. Jaribu njia zote mbili kwa muda wa kutosha, kisha shika moja.

Pedali na uzimaji

Zoezi la kwanza. Piga skeli ya F, yaani noti zake kwa mfuatano, polepole, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo. Kijiti kinapogusa kibao kipya, pedali inapanda na kushuka mara moja. Ukichelewa kuinua, noti mbili zinagongana. Ukichelewa kukanyaga, noti mpya inakabwa. Ukiwahi kuinua, unabaki mwanya mtupu. Lengo ni noti zigusane bila kupandana, kama pumzi moja ya mwimbaji. Zoezi hili halina utamu wowote na halikwepeki.

La pili: nusu pedali. Ikanyage hadi pale feliti inapogusa vibao kwa wepesi tu. Noti inalia kisha inafifia haraka yenyewe. Hapa ndipo besi ya mkono wa kushoto itakapoishi baadaye, kwa hiyo tafuta mahali hapo kwa mguu hadi upafikie bila kufikiri.

La tatu ndilo roho ya kazi yote: kuzima kwa kijiti. Kanyaga pedali na usiiachie kabisa. Piga C5 kwa kulia. Sasa piga D5 kwa kushoto, na wakati uleule kichwa cha kijiti cha kulia kikandamize C5. C inakufa, D inaishi. Endelea kupanda skeli hivyo. Kandamiza, usigonge, kijiti kinachozima kikitoa sauti yake mwenyewe bado hujafika. Faida yake ni kwamba pedali huzima vyote kwa mpigo mmoja, lakini kijiti kinachagua kimoja na kuviacha vingine vikilia.

Bluzi ya F, kipimo kwa kipimo

Wimbo wa kwanza wa kupiga peke yako uwe bluzi ya vipimo 12 kwenye F, kila kipimo kikiwa fungu la mapigo manne. Sababu ni za kimatendo: misingi mitatu, F3, B♭3 na C4, yote ipo chini ya chombo, na noti zinazobeba rangi ya kodi zinasogea kidogo tu. Tumia mpangilio rahisi: vipimo vinne vya F7 (kodi ya F, A, C na E♭), viwili vya B♭7, viwili vya F7, kimoja cha C7, kimoja cha B♭7, viwili vya F7.

Kila kodi ina noti mbili zinazoitambulisha, ya tatu na ya saba. Kwa F7 ni A4 na E♭4. Kwa B♭7 ni D4 na A♭4. Kwa C7 ni E4 na B♭4. Tazama zinavyotembea: kutoka F7 kwenda B♭7 zote mbili zinashuka nusu hatua, kutoka F7 kwenda C7 zote mbili zinapanda nusu hatua. Kama umekulia kwenye kwaya na nota za sol-fa, ifanye F kuwa do: F7 ni mi na ta, B♭7 ni la na ma, C7 ni ti na fa. Ziimbe kwanza. Ukiweza kuziimba, vijiti vitafuata.

Sasa sogea karibu zaidi, kwenye mstari kati ya kipimo cha nne na cha tano. F3 imepigwa kwa kijiti 1, E♭4 kwa 2, A4 kwa 3, na kijiti 4 ndicho kilichobeba melodi. Vyote vinalia. Inakuja B♭7. Mwanafunzi wa piano angeinua pedali na kupiga upya, na hilo lingekata kila kitu, pamoja na melodi. Lakini F ni mali ya kodi zote mbili, haina haja ya kufa. Kwa hiyo mguu unatulia. Kijiti 2, ambacho tayari kiko juu ya E♭4, kinaikandamiza. Wakati huohuo kijiti 1 kinakuja kugonga D4. Mkono wa kulia unafanya vivyo hivyo: kijiti 3 kinagonga A♭4, kijiti 4 kinaizima A4. Msikilizaji anasikia kodi ikibadilika rangi kutoka ndani, bila kukatika. Kwenye vibrafoni sijui sauti nzuri kuliko hiyo. Rudia mpito huo pekee mpaka uchoke, kisha uurudie kesho.

Linganisha na kipimo cha tisa. Kutoka F7 kwenda C7, ile F inayolia chini inagombana na E mpya. Hakuna cha kuokoa. Hapo inua pedali, zima vyote, anza upya. Kutoka C7 kwenda B♭7, B♭4 inaweza kubaki, maana ni mali ya kodi zote mbili. Basi kila mstari wa wimbo unaujia na swali moja: kipi kinabaki? Kama kipo, zima kwa kijiti. Kama hakipo, zima kwa mguu. Andika majibu kwa penseli juu ya nota zako, kwa wimbo wowote, kabla hujaanza kuupiga.

Kuupa wimbo mizunguko tofauti

Kupiga peke yako dakika sita kwa sura moja kunachosha hata anayekupenda. Ukishaimudu bluzi, ipange hivi.

Mzunguko wa kwanza melodi tupu, noti mojamoja, bila kodi hata moja. Watu wengi hukosa ujasiri wa kufanya hivyo. Fanya, masikio ya wasikilizaji yatajaza kilichokosekana. Mzunguko wa pili ongeza zile noti mbili za kila kodi, mara moja tu mwanzoni mwa kila badiliko. Wa tatu ubuni, kushoto kukijibu pale kulia kunapopumua.

Wa nne ulete besi. Mkono wa kushoto unapiga noti mbili kwa kila kipimo: F3 na C4 kwa F7, B♭3 na F3 kwa B♭7, C4 na G3 kwa C7, pedali ikiwa nusu ili besi iwe fupi na kavu. Juu yake kulia kunapiga sentensi fupi za swingi. Mikono itavutana mwanzoni. Zoezi la kuitenganisha ni hili: kushoto kupige kwenye pigo, kulia kupige katikati ya mapigo tu, isiguse pigo hata mara moja. Anayejua amadinda, marimba ya Buganda, ambapo mpigaji mmoja huingiza noti zake kwenye mianya ya mwenzake, ana mwanzo mzuri hapa, maana hisia ni ileile, ila wewe ni wapigaji wawili katika mwili mmoja. Mzunguko wa mwisho rudi kwenye melodi.

Kuhusu kubuni kwenyewe sina mengi ya kuongeza. Imba unachopiga. Sentensi iishe. Skeli ya bluzi ya F, yaani F, A♭, B♭, B, C na E♭, inatosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Msikilize Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma, Ethiopia, aliyesoma chuo cha muziki cha Berklee kule Boston: vibrafoni yake inajenga muziki mzima juu ya skeli za noti tano, wala huhisi pengo. Na kwa upigaji wa peke yako hasa, tafuta *Alone at Last* ya Gary Burton, ambayo sehemu yake ilirekodiwa jukwaani Montreux, Uswisi, mwaka 1971. Isikilize mara moja ukifuata mguu wake tu: wapi sauti inakatika, wapi inaachwa.

Saa moja ya mazoezi

Dakika kumi za pedali na uzimaji, polepole. Dakika kumi za kufungua na kufunga vijiti na kupiga noti mbilimbili. Dakika ishirini kwenye mpito mmoja au miwili ya wimbo, si wimbo mzima. Dakika kumi na tano za kupiga mfululizo bila kusimama hata ukikosea, metronomu ikilia kwenye pigo la pili na la nne tu. Zilizobaki, jirekodi kwa simu na usikilize papo hapo. Iweke simu mbali, upande wa pili wa chumba, kwa sababu ukisimama juu ya vibao unasikia mlio wa kijiti kugonga zaidi ya wanavyosikia wengine, na husikii jinsi noti zinavyorundikana kule mbali. Metronomu nayo uizime siku moja kwa wiki, uone kama mapigo yako yanasimama yenyewe. Bila mpiga ngoma, mapigo ni jukumu lako peke yako.

Jukwaani

Fika mapema. Vibrafoni hufunguliwa vipandevipande na kufungwa upya, na mirija ikibonyea haiponi kirahisi, kwa hiyo ibebe mwenyewe. Ukishafunga, rudia ule ukaguzi wa pedali, maana safari hulegeza mambo. Piga kofi moja katikati ya ukumbi. Ukumbi wenye sakafu ya vigae na kuta tupu unarudisha sauti kwa muda, na mwangwi huo ni pedali ya pili usiyoweza kuiinua. Hapo kanyaga kidogo, piga polepole, punguza noti. Ukumbi wenye mapazia na watu wengi unakausha sauti. Hapo pedali iwe ndefu zaidi.

Mwombe fundi mitambo maikrofoni mbili zilizoning'inia juu, kama nusu mita kutoka kwenye vibao, moja upande wa noti za chini na moja upande wa noti za juu. Zikiwekwa chini ya vibao zinachukua kelele za pedali. Mwombe pia, kwa upole lakini bila kuyumba, asiongeze mwangwi wa mashine. Kazi yako yote ya kuzima noti inaweza kuharibiwa na kitufe kimoja. Kama umemwalika mtu wa kinanda kwa wimbo mmoja, fahamu kwamba vibrafoni nyingi zimetengenezwa kwa A (noti ya kulinganishia vyombo) ya herzi 442, si 440, na vibao havirekebishwi pale jukwaani. Kinanda ndicho kipandishwe.

Kwa onyesho la dakika 30, nyimbo tano au sita zinatosha: bluzi moja, wimbo wa taratibu usio na mapigo makali, kitu chenye mwendo wa Brazil, wimbo mmoja ambao hadhira yako inaujua toka nyumbani, na kimoja cha kumalizia kwa kasi. Badilisha funguo kati yake. Nyimbo tatu mfululizo kwenye F zinapiga usingizi ukumbi mzima, hata zikiwa tofauti kabisa. Wimbo wa taratibu uweke wa pili au wa tatu, mikono ikiwa imeshapata joto, kwa sababu ndio unaodai uzimaji safi kuliko wote.

Usianze hadi uwe umesikia kichwani vipimo viwili vya kwanza kwa kasi unayoitaka. Woga huongeza kasi, na hakuna mwenzako wa kukurudisha.

Utapotea katikati ya wimbo siku fulani. Humpata kila mtu. Ukiona hujui uko kipimo cha ngapi, usitafute kwa kuongeza noti. Inua pedali, acha kimya cha kipimo kimoja, piga noti ya msingi ya chini kwa kushoto, kisha anza mzunguko mpya na melodi kwa kulia. Kwenye bendi, hilo lingevuruga watu wanne. Peke yako, umbo la wimbo ni mali yako, na mzunguko wenye vipimo 11 au 14 si kosa mpaka wewe mwenyewe uutangaze kwa uso wako.